Maji ya Tamimu

Ijumaa, 3 Agosti 1956

Kimefika! Nimekwenda posta mwenyewe, sikumtuma mtu. Parseli zimefungwa kwa kamba ya mkonge, pengine mkonge wa hapahapa Tanga uliokwenda Ulaya ukarudi. "Waliorudi" — kitabu changu cha pili. Jina langu limeandikwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Nimenusa karatasi kama mtoto aliyepewa kitabu cha shule.

Watu wamekingoja tangu mwaka arubaini na tisa, kilipotoka "Mji wa Chini". Sipiti njia bila kuulizwa. Tamimu yu hai? Atatoka lini mapangoni? Jana tu Mselem kinyozi alinishika kidevu, wembe mkononi, akasema haninyoi mpaka nimwambie. Sikumwambia. Nilijiona mkubwa, ukweli ndio huo.

Dukani vimekwisha kabla ya swala ya Ijumaa. Nimeweka kando nakala moja ya dada Mwanamkasi. Nitaipeleka kesho.

Jumamosi, 4 Agosti

Sikuipeleka. Mastura kaja mwenyewe kuichukua.

Mastura ni mke wa mpwa wangu, mwana wa pekee wa dada, aliyekwenda vitani Burma asirudi. Barua ya jeshi ilisema haonekani. Haikusema amekufa. Basi Mastura si mke si mjane. Anakaa Makorora kwa mama mkwe wake, anashona kofia za viua, ujana unakwisha. Haji fundi cherehani kamposa zaidi ya mara moja na dada kakataa. Mtu haolewi na mume yu hai, ndivyo anavyosema dada, na kwake Uislamu wote umekaa hapo.

Yeye ndiye humsomea dada. Dada anasoma Kurani vizuri kuliko mimi, lakini herufi za kizungu hazijui. Kaniamkia, kakipokea kitabu kwa mikono miwili. Kauliza — mwisho wake mzuri, mjomba? Nikamwambia soma utaona.

Jibu la kijinga. Nimelifikiria mchana kutwa.

Jumatatu, 6 Agosti

Kwa Mselem. Noa, yule karani kijana wa reli, alikuwa anawasomea wateja kwa sauti, nami nikaketi benchi la nyuma nijifanye sipo. Wamefika sura ya mwisho.

Niandike hapa nilichofanya, nikitazame vizuri.

Katika kitabu cha kwanza Tamimu anaingia mapangoni kumtafuta rafiki yake, anazuiliwa na watu wa chini. Mama yake kila magharibi anaweka bakuli la maji kizingitini. Asubuhi maji yakipungua, mwanawe yu hai, amekuja kunywa. Yakibaki yalivyo, amekufa. Kitabu kinaishia hapo, maji yamepungua nusu. Hayo maji niliyabuni mimi, hapa mezani, nikinywa chai! Si ya wazee, si ya mganga wala shekhe. Baadaye watu wakaanza kuniambia kwamba bibi zao walikuwa wakifanya hivyohivyo, nami nikatikisa kichwa kwa adabu. Ilinipendeza.

Katika cha pili inajulikana kwamba anayekunywa si Tamimu. Tamimu alikufa siku ileile aliyoingia. Kilichokuwa kinakunywa ni kitu cha chini, kinajifunza sura yake na sauti yake kwa kila funda. Na mama anafungua mlango, anamwita mara tatu, nacho kinaingia.

Nilitazamia watapiga makofi. Mselem kasimama na wembe hewani. Mteja aliyekuwa kitini, povu upande mmoja wa uso, kageuka kanitazama, kumbe alikuwa ananiona muda wote. Kasema taratibu:

"Miaka yote hii, bwana Sadalla, ulikuwa unatulea ili uje utufanye hivi?"

Nikasema natafuta mwavuli wangu. Mvua hakuna.

Alhamisi, 9 Agosti

Vijana wa mtaa wa Usagara wamekipenda. Wanatishana barabarani, mmoja anajificha nyuma ya ukuta anaita kwa sauti nyembamba, "Mama, nifungulie." Wanacheka. Hao ndio wasomaji nilionao sasa.

Semeni muuza samaki kanikatalia changu wa kukaanga. Samaki wako pale, nawaona. Kasema kwa utulivu kabisa: "Nenda kanunue huko chini kwa wenzio. Kwangu hamna."

Alasiri kaja Zebedayo kwa baiskeli, msimamizi wa kambi ya mkonge, mtu mpole, Mlutheri. Wafanyakazi wake walikuwa wanasomewa habari za Tamimu kila Jumapili baada ya kanisa. Wengi wametoka mbali na wana watu wao ambao hawajui walipo. Kanywa maji, kafuta jasho, kazunguka weee. Mwisho kasema: Mzee, haiwezekani ukasema ni kosa la mpiga chapa? Kwamba amechanganya kurasa?

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Jumapili, 12 Agosti

Nimekwenda Makorora asubuhi. Nilitaka kumwona dada.

Njia nzima, vizingitini, mabakuli yamefudikizwa. La bati, la udongo, mlango mmoja kifuu cha nazi. Nilijua dada huweka maji, tangu asomewe kitabu cha kwanza. Nilijua na jirani zake wawili watatu. Sikujua kwamba mtaa mzima ulikuwa unaweka! Kila mwenye mtu wake — aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi akanyamaza, aliyechukuliwa vitani, aliyeondoka kwa ugomvi. Waliyaweka kimya kimya miaka yote, na sasa wameyageuza wasije wakakaribisha jini.

Mwanamke mmoja alikuwa anasugua kizingiti kwa majivu. Kaniamkia bila kuinua macho.

Mlangoni kwa dada bakuli limekaa wima, mahali pake. Maji yamejaa hadi ukingoni. Hilo nalo limenishtua. Miaka yote yalikuwa yanapungua, mimi nikijiambia ni paka, ni jua, ni kuku wa jirani. Paka wako wapi leo?

Sikubisha hodi. Nimerudi nyumbani kwa njia nyingine.

Jumanne, 14 Agosti

Mastura kaja. Chai kaikataa. Kaketi karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka mara moja, na hakuondoka.

Kumbe ni yeye aliyekuwa akiyapunguza maji.

"Kila alfajiri, mjomba, kabla mama hajaamka kusali. Nikitoka natia mkono, namwagia mgomba kidogo, basi."

Nikamwuliza kwa nini. Yangebaki yamejaa, dada angekubali mwanawe amefariki. Mastura angekaa eda, ingekwisha, angeolewa na Haji, sasa hivi angekuwa na watoto wanaosoma. Kajifunga mwenyewe kwa mkono wake!

Kasema: "Mama alikuwa hali chakula. Unakumbuka alivyokonda? Siku ile ya kwanza nilimwaga kwa kumwonea huruma tu. Kaamka kaona, kaitisha uji. Kaumaliza. Sasa siku ya pili ningeachaje?"

Na siku ya tatu, na mwaka wa pili. Anaeleza kama mtu anayeeleza namna ya kupika.

Sura ya mwisho hakuimaliza kumsomea dada. Alifika nusu akasema macho yanamuuma. Lakini Semeni alipita na samaki akamweleza dada yote, mpaka sauti ya kile kitu akaiiga. Tangu siku hiyo Mastura hamwagi tena.

"Siwezi, mjomba. Nikilishika lile bakuli naona ndiye mimi hicho kitu chako. Nakunywa maji ya mtu aliyekufa, namdanganya mama yake."

Nikamwambia si hivyo. Nikamwambia wewe umefanya kwa huruma. Kanitazama, kaniuliza: "Na wewe ulifanya kwa nini?"

Nimemjibu kitu, sikikumbuki. Jibu lenyewe ni hili, nimelijua alipokwisha ondoka. Nilitaka kumwambia dada yangu kwamba mwanawe amekufa. Nimelijua hilo tangu barua ya jeshi. Kinywa cha kumwambia sikuwa nacho, nikampelekea kitabu. Hapo ningesimama, pengine Mungu angenisamehe. Lakini kifo kitupu nilikiona kidogo, hakikutisha, nikatia na kile kitu kinachokunywa. Nilipokipata nilicheka peke yangu kwa furaha. Nikaamka nikatembea chumbani! Sikumkumbuka dada hata mara moja. Nilikuwa namkumbuka Mselem na wembe wake.

Najuta. Sina neno jingine la kuandika leo.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimekwenda baada ya swala. Dada alikuwa anachambua mchele. Amezeeka tangu nimwone mara ya mwisho, au mimi ndiye sikuwa namtazama. Mastura jikoni.

Nilitegemea kutukanwa. Ningefurahi. Kaniuliza habari za mgongo wangu, kanisogezea kigoda. Kisha, mikono bado kwenye ungo:

"Maji hayapungui tena, Sadalla."

Nikasema nimeona.

"Wananiambia nifudikize. Ati jini. Nimewaambia, kama ni jini basi limekunywa kwangu miaka yote na halikunivunjia hata kikombe. Miye siwezi kumfukuza mgeni wa namna hiyo."

Jikoni mwiko wa Mastura ukakoma.

Kaendelea: "Lakini nataka kujua. Nimechoka kutojua. Kitabuni mwako yule mama aliita mara tatu. Basi na kwangu kutaitwa mara tatu. Akija — vyovyote atakavyokuja, awe na sura yake, awe na ya nani — nitamfungulia. Asipokuja, Mastura ataingia eda. Siye tutaweka matanga, tusome hitima. Na Haji alete posa yake, nimpokee miye mwenyewe."

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema — dada, yale ni maneno ya kitabu tu. Nili...

Kainua mkono, punje za mchele zimeganda vidoleni.

"Sikukuuliza hilo."

Kisha karudi kwenye ungo. Jumapili magharibi, kasema. Njoo na maneno ya kuita, kama ulivyoyaandika.

Njiani nimejiuliza kama amekwisha jua. Yote. Maji, na mkono wa Mastura. Mtu anayechambua mchele namna ile, hakuna jiwe linalompita. Lakini kama anajua, alikuwa anaweka kwa ajili ya nani?

Jumapili, 19 Agosti

Asubuhi nimenakili maneno ya kuita kwenye karatasi. Mistari michache. Kitabuni niliona inatetemesha. Leo nimeisoma nikaona ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Adhuhuri Mastura kaja na ujumbe. Dada hataita. Kasema sauti yake haitoshi, ataketi tu mlangoni na bakuli. Nitaita mimi. "Mama anasema mjomba wake ndiye aliyemtia mapangoni, basi ndiye atakayemwita."

Kuna na jingine, Mastura kalisema akiangalia chini. Nisimwite Tamimu. Na karatasi nisije nayo. "Anasema umwite mwanawe jina lake alilopewa na baba yake. Mara tatu, basi."

Kanisimulia pia kwamba dada ameitoa sandukuni ile kanzu ya mwanawe ya Idi kaianika. Kama ni ya kumvisha au ya kuitoa sadaka, Mastura hakuthubutu kuuliza. Wala hajui yeye mwenyewe anaomba nini. Kasema hivyo, kisha akajifunga ushungi vizuri, akaondoka haraka.

Nimefungua shajara hii nyuma, kurasa na kurasa. Mpwa wangu. Mwana wa dada. Mume wa Mastura. Jina lake halimo. Tangu nianze kuandika "Mji wa Chini" sijaliandika popote, wala sijalitamka. Watu wa mtaani nao wamemzoea kwa jina nililompa mimi. Mara moja nilimsikia hata Haji akimwambia mtu, "mkewe Tamimu," nami nikajisifu moyoni.

Uweso. Haya, limeandikika.

Alikuwa na kicheko cha kuvuta pumzi ndani. Alikuwa anaogopa radi, mtu mzima. Tamimu wangu haogopi radi. Nilimtoa hofu ili apendeze.

Sasa jua limeshuka hadi kwenye bati la jirani. Nimevaa. Baada ya kitambo kidogo nitasimama kizingitini kwa dada yangu, niite kwa sauti ya mtu anayetaka kuitikiwa, huku moyoni naomba kusiwe na jibu. Na kimya hicho ninachokiomba kimpe Mastura maisha yake, kitamchukulia dada ya kwake. Niite kwa nguvu, au niite polepole? Kitabuni sikuandika.

Nimejaribu hapa chumbani kwanza, mlango nimeufunga, kuona kama jina linatoka.

Halikutoka. Nimekunywa maji, nimejaribu tena. Linatoka Tamimu.

Mastura kaja kunichukua, anabisha hodi. Anasema mama amekwisha keti. Nimejaribu mara ya tatu, taratibu, herufi kwa herufi kama ninavyoliona hapo juu kwenye karatasi, na kinywani linakuja lilelile.

Anabisha tena. Ngoja