Kwa Nini Sikufika Mama Alipofunguliwa Macho

Charanjit Kaur Gill,
Winnipeg, Manitoba,
Kanada.

27 Januari 2019

Mpendwa Dada Gurmel,

Salamu za Sat Sri Akal nyingi kutoka kwenye baridi hii. Hujambo? Shemeji Avtar anaendeleaje na mgongo wake? Na Mama, jicho bado linamtoa machozi asubuhi? Mwambie asilifikiche hata likimwasha vipi. Dawa ya matone usimwachie ajitilie mwenyewe. Namjua, atakwambia ameshatia na kumbe chupa haijafunguliwa.

Mimi na Fateh tu wazima. Mwanangu yuko kwenye mitihani ya chuo, haonekani. Nikikuta sahani chafu kwenye sinki ndipo najua kwamba alipita kula.

Leo ni Jumapili na nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nimepika mboga ya haradali, ya majani ya kopo, maana mabichi hayapatikani huku mwezi huu. Nikakanda na mkate wa mahindi. Nilipoonja nilikaa chini, Dada. Haikuwa mbaya. Ila ilikuwa na ladha ya kopo, na mimi nilikuwa nimeshajidanganya kwamba nikifumba macho nitasikia ndoo ya kukamulia nyati wetu ikigonga ukuta wa ua.

Sikukuu ya Lohri huko Punjab mliwasha moto bila mimi kwa mwaka wa tisa. Video uliyonitumia nimeitazama mpaka najua ni nani alitupa ufuta na nani alitupa karanga. Mama alikuwa amekaa upande wa kushoto na shali ya buluu, akiutazama moto kama mtu anayetazama kitu kilichoko mbali sana.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu sikuweza. Nilikwambia tu kwamba ndege imeniacha, nikakata. Ulipopiga tena ukasema, "Charno, kila mwaka theluji. Hiyo theluji ni yako peke yako? Wenzako wanakujaje?" Kisha ukasema kwamba kwangu lori limekuwa bora kuliko mama. Neno hilo nimezunguka nalo siku tisa, na leo nataka nikueleze yaliyotokea, yote, hata yale yasiyonipendeza.

Unajua mpango ulikuwaje. Nilikuwa na mzigo mmoja wa mwisho wa kupeleka Toronto, kisha Ijumaa nipande ndege huko huko. Masanduku yangu nilikuwa nayo ndani ya lori. Jumapili ningekuwa kwenu, Jumatatu Mama apasuliwe mtoto wa jicho, Jumanne afunguliwe bendeji. Alikuwa amesema anataka uso wa kwanza kuuona uwe wangu. Tangu Desemba nilikuwa nikilala na neno hilo.

Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa Bathinda anayeitwa Jashan, mwenye miaka ishirini na sita. Leseni anayo, lakini hajawahi kupitisha kipupwe barabarani, na ofisi yetu haimwachii dereva mpya lori peke yake mpaka apite mikononi mwa mtu mzoefu. Ananiita Mama Mdogo. Anaongea sana na anakula zaidi ya anavyoongea. Siku ya kwanza alikuja na chapati za viazi kumi na sita na chupa ya achari. Nikamuuliza, "Tunakwenda Toronto au tunahamia?" Akasema, "Wewe ulisema chakula cha siku mbili kiwemo daima. Hicho ni changu. Chako kiko wapi?"

Ni kweli, nilimwambia. Nilimwambia mengi. Kwamba tangi lisishuke chini ya nusu, kwa sababu barabara ikifungwa, dizeli ndiyo blanketi lako. Kwamba kila tunaposimama azunguke lori zima na kufuta theluji kwenye taa za nyuma, maana hujulikani upo mpaka uonekane. Kwamba breki ya injini haitumiwi kwenye utelezi, na asizifuate taa za lori la mbele kama kondoo, kwa sababu lile likitoka barabarani utatoka nalo. Na kwamba barafu mbaya ni ile usiyoiona. Lami inaonekana imelowa tu, nyeusi, safi. Tazama matairi ya gari la mbele, nikamwambia. Yakiwa yanarusha maji, barabara imelowa. Yakiacha kurusha na lami bado inang'aa, yale si maji tena.

Jumatano tulilala Thunder Bay. Alhamisi asubuhi tulikula chapati za maji za Wafini pale kwenye kituo cha mafuta, na Reino akaja kukaa nasi. Reino ni mzee wa huko, ana miaka arobaini kwenye usukani, na tunafahamiana tangu marehemu mume wangu Jagtar alipokuwa hai. Alimtazama Jashan akimalizia sahani ya pili akasema, "Huyu ukimfundisha kuendesha kama anavyokula, sisi wengine tukauze malori." Jashan akamjibu, "Anza kutafuta mnunuzi, mzee."

Theluji ilianza tulipopita Nipigon. Jashan alikuwa anaendesha vizuri, polepole, na upole wake ulinichoma. Nilikuwa nahesabu saa. Nikamwambia asimame pembeni, nikauchukua usukani mimi.

Dada, sikuchukua kwa sababu ya hali ya hewa. Nilichukua ili twende mbio.

Barabara ile inapanda na kushuka kwenye miamba, upande mmoja ziwa ambalo huoni mwisho wake. Nimeipita mara mia tatu. Theluji ikapungua, ikawa mvua nyembamba, nikafurahi, nikaongeza mwendo. Mbele yetu kulikuwa na lori jekundu. Jashan alikaa kimya muda mrefu, na si kawaida yake. Kisha akasema, "Mama Mdogo, lile lori halirushi maji tena."

Nikasema, "Nimeona."

"Na lami inang'aa."

"Jashan, barabara hii naijua."

Akafungua dirisha, akatoa mkono, akashika mkono wa kioo cha nje. Akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vimeshika kipande cha barafu chenye unene wa biskuti.

Nikamwambia afunge dirisha, baridi inaingia. Hapo akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Nijibu kitu kimoja tu. Kama isingekuwa ile ndege, ungekuwa umeshasimama?"

Nilitaka kumkemea. Lakini jibu alikuwa nalo tayari, na mimi nilikuwa nalo tangu kilomita ishirini nyuma.

Nikainua mguu kwenye mafuta. Kuinua tu, na hapo hapo nikaona kwenye kioo trela ikianza kuja ubavuni, taratibu, kama mlango unaosukumwa na upepo. Mguu wangu wote ulitaka breki. Sikuigusa. Nilishika usukani ukiwa umenyooka, nikaliachia lori lipoteze mwendo lenyewe, na trela ikarudi nyuma yetu. Haikuchukua sekunde nne. Jashan alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa ikisali.

Kilomita chache mbele ni Schreiber, mji mdogo wenye uwanja wa malori. Tukaingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikazima taa kubwa. Reino, aliyekuwa nyuma yetu tangu Thunder Bay, alitupita na lori lake wakati tunaegesha. Akasema kwenye redio ya upepo, "Mmeshachoka, mabibi? Ninywieni na mimi chai." Nikamwambia, "Reino, kunateleza sana. Ingia." Akacheka, akasema anakwenda Marathon tu, si mbali.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Saa saba polisi waliifunga barabara.

Lile lori jekundu lilikuwa limeshindwa kwenye mteremko, mbele kidogo ya Terrace Bay. Lilijikunja, kichwa upande huu, trela upande ule, likaziba njia zote mbili chini ya kona. Reino alipoliona alikuwa ameshachelewa, akachagua mwamba badala ya kumgonga mwenzake. Amevunjika paja na mbavu. Dereva wa lori jekundu hakupona.

Alikuwa kijana wetu, Dada. Anaitwa Ekam Brar, miaka ishirini na tatu, kutoka kijiji cha upande wa Moga. Alikuwa na wiki sita tu kwenye kazi, na wiki tatu kati ya hizo peke yake. Nilikuwa nyuma yake saa nzima. Niliyatazama matairi yake.

Najiuliza moyoni ingekuwaje kama ningempigia redio. Sikumpigia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekataa kuona. Hilo silijui nitalifanyaje. Nakuandikia ili na wewe ulijue.

Tulikaa Schreiber mpaka Ijumaa alasiri, tukiwa na madereva wengine kumi na wanane. Chapati za Jashan tuligawana na watu wa mataifa manne, na achari ikamtoa jasho Mkanada mmoja mkubwa kama mlango. Injini zilinguruma, ziwa likawa jeupe. Nilipojua ndege siiwahi tena, nilipanda kitandani nyuma ya kiti, nikafungua sanduku, nikaitoa shali niliyokuwa nampelekea Mama nikajifunika nayo. Jashan alinisikia. Akaniletea chai, akaiweka, akashuka kwenda kufuta taa ambazo alikuwa ameshazifuta.

Tuliporudi, Jumatano iliyopita, nilipita hospitalini Thunder Bay kumwona Reino. Amekonda kwa siku sita kama mtu wa miezi. Akaniambia kwamba baada ya kugonga alikuwa bado anamsikia yule kijana redioni, akiita neno moja kwa lugha yetu. Akalitamka vibaya, akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni mama.

Mwili wa Ekam ulisafirishwa juzi. Ametangulia kufika Punjab, na mimi niko hapa.

Sasa nakuomba. Kutoka kwetu Jagraon mpaka kwao si mbali, Shemeji ataweza kukupeleka kwa pikipiki ukungu ukiwa umeinuka. Jina la kijiji nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Nenda ukakae na mama yake. Mwambie kuna mtu aliyekuwa barabara ile ile siku ile anayemkumbuka mwanawe. Lile neno alilolisikia Reino mwambie, au usimwambie. Ukifika ukamwona, utajua mwenyewe.

Jambo jingine. Manvir wako ameniandikia mara mbili kwamba anataka kuja kuendesha lori. Sitamkataza, na nafasi nitamtafutia. Lakini ulinikasirikia kwa kusimama, kwa hiyo nakuuliza wewe kama mama yake. Siku akiwa mwanafunzi kwenye barabara ile, ungependa mtu wa pembeni yake awe nani? Mimi wa kabla ya Schreiber, mwenye ndege ya kuwahi, au mimi wa baadaye? Mwambie ajifunze kwanza kunyamaza na kutazama. Na ajifunze kumwambia mkubwa wake neno gumu bila kupiga kelele, kwa maana hilo ndilo lililotuokoa.

Jashan amepewa lori lake wiki hii. Nilimtilia sahihi bila kusita. Aliniuliza kama namwogopea. Nikamwambia namwogopea kila siku mpaka Aprili.

Mama nilizungumza naye Jumatano. Alinicheka. Akasema amewaona nyote, na kwamba wewe umenenepa, na Avtar hajui kunyoa ndevu za mashavuni ingawa anaapa kwamba, kama dini yetu inavyotaka, hazigusi. Kisha akasema, "Na wewe unakuja lini nione umezeeka kiasi gani?" Nikamwambia nimezeeka sana, Mama, afadhali macho yangebaki na ukungu. Akacheka tena, kisha akanyamaza, na kwenye ule ukimya nikasikia ndege wa uani kwetu. Sikutaka mtu yeyote aongee.

Nimekata tiketi nyingine, ya tarehe tisa Machi. Safari hii naondokea hapa hapa Winnipeg, siendi uwanjani kwa lori. Ngano itakuwa bado kijani.

Nisalimie Shemeji Avtar, na Manvir, na mke wa Bikkar wa nyumba ya pili ambaye najua ndiye anayekusomea ujumbe wangu ukiwa huna miwani. Fateh anawasalimu na anaomba sukari guru. Waheguru awaweke katika kivuli chake, ampe mama yule wa Moga usingizi, na amlinde kila aliyeko barabarani muda huu.

Najua bado umekasirika. Usimtume Shemeji peke yake kunipokea Amritsar. Njoo na wewe, na hasira zako zote uje nazo. Nyumbani ni mwendo wa saa tatu. Utanigombeza mpaka tufike, na mimi nitakaa pembeni yako nikusikilize.

Mdogo wako anayekupenda hata ukinuna,

Charno