Maneno ya Baba Niliyoitikia kwa Jina Lako

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Najua hujaitikia shikamoo yangu tangu ulipoondoka mlangoni pa nyumba ya baba kule Kate, wala sikudai uitikie hii. Nakuomba uisome tu, au umpe Mwajuma akusomee kama macho yamechoka.

Siku ile uliniuliza, "Aliniulizia?" Nami nikakujibu, "Hapana, kaka. Hakukutaja." Nilikudanganya. Baba alikuita. Alikuita kwa jina lako, mchana, akili zake zikiwa timamu, na aliyeitika ni mimi.

Hilo ndilo nililolificha miaka yote. Lina kipande kingine, nacho nitakiandika mwishoni, maana kila nikikikaribia pumzi inakatika, na binti yangu Anastazia ananinyang'anya kalamu. Moyo wangu umechoka, kaka. Miguu imevimba, siwezi kuvaa viatu. Mchana wananitoa nje nikae juani na blanketi, na unaujua mwenyewe upepo wa Sumbawanga, jua linawaka na bado unatetemeka.

Nimemwambia Anastazia barua hii isomwe kwanza kwenye jumuiya yetu, ndipo ipakiwe kwenye gari la kuja kwako Kirando. Watu wa jumuiya nimewafundisha Biblia tangu nilipostaafu ualimu. Wamenisikia mara nyingi nikieleza habari za Yakobo na Esau, wakasema mwalimu anaeleza mpaka unaona. Ni haki yao kujua kwa nini nilikuwa naona vizuri hivyo.

Unakumbuka tulizisikia wapi hadithi hizo kwa mara ya kwanza? Hatukuzisikia kanisani, ingawa baba alikuwa katekista. Tulizisikia shambani, mwisho wa masika, nyasi zikiwa kiunoni na zimelowa, tukipiga matuta ya duara, intumba zetu, zile za kufukia nyasi ndani zioze ili msimu unaofuata ulezi upate nguvu. Baba alilima huku anasimulia, na hadithi ikifika mahali patamu jembe lilikuwa linasimama.

"Esau akaiuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza," alisema siku moja, "kwa sahani ya dengu."

"Dengu tupu, baba?" ukauliza. "Hata kipande cha samaki hamna?"

"Tupu."

"Basi huyo hakuwa Mfipa. Mfipa angeuliza kwanza kama kuna ugali wa ulezi."

Baba alicheka mpaka akaegemea mpini. Nami nilicheka, ukanigeukia. "Na wewe Yakobo wa jikoni unacheka nini? Hizo dengu ungepika wewe!"

Ulikuwa unanitania kwa sababu kifua changu kilikuwa kibovu tangu utoto, na mama alikuwa ananibakiza jikoni siku za baridi. Jina hilo nililichukia. Sikujua kwamba siku moja nitalivaa lote.

Jioni baba alikuwa anayakagua matuta. Hakuyatazama kwa macho, maana tuta lenye nyasi nyingi na tuta lenye nyasi kidogo kwa nje yanafanana. Alikuwa anapandisha mguu mmoja juu yake na kuegemea. La kwako lilimbeba. La kwangu lilizama.

"Fidelis," alikuwa ananiambia, "nyasi ziko wapi, mwanangu? Hapa umevalisha udongo shati tu."

Wewe ulikuwa unasubiri ageuke, kisha unaliongezea nyasi tuta langu, huku unanikonyeza. Hilo sijawahi kukushukuru. Asante, kaka.

Kisha ukawa mtu mzima, ukaanza kupeleka maharage ziwani na kurudi na samaki, hadi safari moja ukarudi na habari za Mwajuma. Mliandikishana bomani, kila mtu na dini yake. Namkumbuka baba amesimama uani, kofia mkononi, sauti inamtoka kama ya mtu mwingine. "Nawafundisha watoto wa watu sakramenti ya ndoa, halafu wa kwangu anakwenda kuandikwa kama leseni ya baiskeli? Usikanyage tena hapa. Wewe na yeye." Ulimpigia makofi ya heshima, ukachuchumaa kama tulivyofundishwa, ukaondoka bila kumjibu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Nikamwendea baba kumwambia chakula kiko tayari.

Kuanzia hapo nilikuwa mwana mwema. Nilifundisha Milepa, huko chini bondeni, na kila likizo nilipanda Kate kumhudumia. Mama alikuwa ameshatangulia. Baba akapofuka polepole, mimi nikawa namwongoza kwenda Misa, namkata kucha, namsomea masomo ya Jumapili. Alinishukuru kila siku. Lakini kila mbwa alipobweka njiani, uso wake uligeukia mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, na uso wake ulikuwa mlangoni.

Alipozidiwa niliomba ruhusa shuleni. Ulikuwa wakati wa kupiga matuta, na hakukuwa na mtu wa kulima, basi asubuhi nililima mwenyewe, mikono yangu ya chaki ikachubuka na kuota malengelenge. Asubuhi moja akaomba nimfikishe shambani. Alitembea ameshika bega langu, akasimama, akakanyagakanyaga kidogo, akasema, "Turudi." Nikamlaza.

Mchana wa siku hiyo nilirudi kutoka shambani, nikaingia chumbani kwake na matope yangu. Akageuza kichwa.

"Gaudensi," akasema. "Ni wewe?"

Kaka, ningeweza kusema, "Hapana baba, ni Fidelis." Maneno yenyewe ni mepesi. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilimhurumia mzee. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini kilichonisukuma zaidi ni kutaka kusikia alichokuwekea wewe. Jina langu hakuwahi kuliita kwa sauti ile.

Nikasema, "Ni mimi, baba."

Akaomba mkono wangu. Akachovya kidole katika kikombe chake cha maji, akanichora msalaba kiganjani, juu ya malengelenge. Maneno yake ni haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Niliyekufungia mlango ni mimi, Mungu hakunituma. Nilimsingizia. Nisamehe, mwanangu. Mlete mkeo, aingie kwa mlango wa mbele, akae kwenye kiti cha mama yako. Watoto wenu ni wajukuu zangu, nawabariki wote, wanaosali kwa baba yao na wanaosali kwa mama yao."

Nami nikamjibu, "Nimekusamehe, baba." Nilimsamehe kwa niaba yako, kwa kinywa ambacho hukunikabidhi.

Juma lile halikuisha akafa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kutoka ziwani, ukafika tumeshazika. Nakuona mpaka leo, umelowa, kapu la migebuka mikavu begani, umesimama mbele ya ngazi na hukanyagi, kwa sababu hukuwa umeruhusiwa. Ndani wanawake walikuwa wanaimba.

"Aliniulizia?"

"Hapana, kaka. Hakukutaja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ukatua kapu kwenye ngazi. "Wape watu wale," ukasema. "Wamechoka kuimba." Ukageuka. Nami nikaliingiza kapu ndani, tukala samaki wako.

Hakuna aliyenilazimisha. Ulikuwa wivu, basi. Nilijisemea: amekwenda kuishi maisha yake ziwani, amerudi baba yuko kaburini, na bado anataka baraka. Mimi niliyebaki nina nini?

Unaona nilipokuwa. Kwa kuzaliwa mimi ni mdogo, lakini katika ule mfano wa mwana mpotevu nilikuwa yule mkubwa, aliyetoka shambani akasikia ngoma, akakataa kuingia. Nimeufundisha mfano huo mara nyingi. Nimewaonyesha watu kwamba Bwana hakusema kama yule kaka aliingia au alibaki nje, na kwamba kila mmoja anamalizia mwenyewe. Wakatikisa vichwa. Nami nikaenda nyumbani kula.

Mungu alipomuuliza Kaini, "Yuko wapi ndugu yako?" mimi nilikuwa na jibu zuri kuliko lake. Yuko Kirando, Bwana. Anavua samaki. Nilifikiri Mungu anauliza mtaa.

Na juu ya Yakobo, nilipenda kufundisha ngazi yake na malaika, na usiku ule wa kushindana mieleka. Sura ya thelathini na tatu ya Mwanzo nilikuwa naipita haraka. Unaikumbuka? Yakobo anarudi baada ya miaka, anaogopa, anainama mpaka chini mara saba. Na Esau, yule aliyeibiwa, ndiye anayekimbia. Anakimbia kumlaki, anamwangukia shingoni, wanalia wote wawili. Baba akifika hapo jembe lilikuwa linasimama kabisa. Juzi nimeisoma tena kwa kioo cha kukuzia, nikaona kitu ambacho sikuwahi kuwaambia watu: Yakobo asingeweza kukimbia hata kama angetaka. Alikuwa anachechemea tangu usiku ule wa mieleka.

Ningeendelea kunyamaza, kaka, nikafa na sifa zangu. Aliyenivunja ni mkeo. Alinipigia simu wakati wa mavuno.

"Shemeji," akasema, "kaka yako amesema akifa tusimpeleke Kate, wala tusimwite padri. Anasema Mungu wa baba yake alimfungia mlango, haendi kumgongea tena. Mimi Mwislamu ndiye ninayemwambia, mzee, sali basi, walau kwa dini yako. Hataki. Wewe mwalimu wa dini, hebu nawe zungumza naye."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Nilikaa na simu mapajani mpaka ikazima. Nilikuwa nafikiri nimekunyima maneno ya mzee mmoja aliyekufa, jambo la kifamilia. Kumbe nilikunyima mlango wenyewe. Baba alitaka kukuambia kwamba aliyefunga alikuwa yeye tu. Mimi nikayakalia maneno hayo, na wewe miaka yote umekaa nje ya nyumba ambayo haikufungwa, ukidhani ni Mungu aliye ndani na ufunguo. Kama kuna somo moja ninalolijua kweli katika yote niliyofundisha, ni hilo, na nimejifunza kwa kukuumiza wewe.

Nilikwenda kuungama. Padri ni kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Aliniondolea dhambi, halafu akaniambia, "Babu, hayo maneno si ya kwako. Mwenyewe yupo. Mrudishie." Ndiyo maana naandika.

Sikuombi ukimbie kama Esau. Umri wako naujua, na kosa si lako. Ukitaka kunichukia baada ya hapa, unayo haki, nami nitaipokea. Lakini usimchukie Mungu kwa ajili ya mlango nilioushikilia mimi. Nenda Kate. Nyumba ipo, Anastazia atakupa ufunguo. Ingia na Mwajuma kwa mlango wa mbele. Kiti cha mama kipo, mguu mmoja umelegea, mwambie asiegemee upande wa kushoto. Na ukitaka kuzikwa kule, nafasi iliyo karibu na baba nimewaambia wasinizike mimi. Ni yako.

Kwaheri, kaka. Nimechoka sana, na Anastazia anautazama mkono wangu. Nisalimie Mwajuma, mwambie mtandao haukuwa na tatizo. Wape watoto na wajukuu baraka ya babu yao, maana sasa unayo.

Sasa kile kipande nilichobakiza.

Watu wa jumuiya watasema nilimdanganya baba kama Yakobo alivyomdanganya Isaka. Hata mimi nimetamani iwe hivyo, maana ingekuwa nafuu. Haikuwa hivyo. Nilipokwisha kusema "Nimekusamehe, baba," hakuuachia mkono wangu. Aliukamata muda mrefu, akiupapasa kwa kidole gumba.

"Asubuhi nilikanyaga tuta," akasema. "Likazama."

Nikajaribu kuutoa mkono.

"Gaudensi hajaja. Ni wewe, Fidelis."

"Ndiyo, baba."

Hakukasirika. Alitabasamu kidogo, kama zamani shambani. "Basi, umeyasikia mwenyewe. Mpelekee kaka yako. Yote, usipunguze."

"Nitampelekea, baba."

Alinituma kwako, kaka. Niliitikia kwa jina langu mwenyewe, halafu sikuja.

Mdogo wako,
Fidelis