Mashine Nane Ulizozifungia Ndani

Mwalimu Barasa,

Mimi ni mtu wa bahati, na hilo ulilijua kabla hujaenda. Jumanne iliyopita mtandao wa shule yako yote hapo Free Area ulianguka, siku ya Form One kuripoti, wazazi wamejaa mpaka kwa geti na masanduku na magodoro, na aliyeuinua ni mimi. Dakika ishirini tu. Nilikaa mbele ya ile kompyuta yako kubwa, nikatazama mara moja, nikaona shida iko wapi. Madam Principal alisema mbele ya watu, "Njuguna, wewe una macho." Mtu aliyeachia Form Two, Mwalimu. Wenye digrii wako Nairobi wanazungusha bahasha za kuomba kazi.

Leo ni Jumapili, saa nane mchana, niko hapa dukani kwangu Bondeni na mlango nimeufunga nusu. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezikunja nikazitupa nyuma ya redio mbovu. Nimeinuka mara nne, nikaenda mlangoni, nikaangalia barabara kama mtu anayengoja mgeni, nikarudi.

Habari za huku. Duka nimelipaka rangi ya kijani, mbaya kabisa, ungesema nafuga vyura. Mama wa chai hapo mkabala bado anatenga kikombe chako cha bati, halafu anakumbuka, anakirudisha. Watu sasa wananiita Engineer. Sijawakataza.

Siku tulipokulaza kaburini kule kwenu, nilishika maikrofoni. Unanijua mimi na maikrofoni. Nilipewa dakika mbili, nikala kumi na tano. Nikawaambia wazee wenu kwamba kila ninachojua kuhusu kompyuta ni wewe ulinifundisha, bure, Jumamosi baada ya Jumamosi. Hiyo ilikuwa kweli. Halafu nikaahidi, Mama Nekesa wako akiwa amekaa mstari wa mbele, kwamba ile lab ya kompyuta uliyokuwa unawajengea watoto wa Form Three nitaimaliza kabla shule haijafunguliwa. Watu wakapiga makofi. Makofi hayarudishwi, Mwalimu.

Basi nikaenda, Jumatatu. Ile kompyuta nimekuwa nikiwaeleza wateja kwamba ni moja kwa macho, lakini imebeba kompyuta nane tumboni, hazina mwili, ni programu tu, na kila moja inajiona iko peke yake duniani. Mzee mmoja akaniuliza itajifungua lini. Nikaifungua, nikaona umezitengenezea hizo mashine swichi mbili humo ndani, zile za kuunganisha kompyuta ziongee, nazo pia ni za programu. Ya kwanza imeshikana na waya wa ukutani unaoenda ofisini na kwa intaneti. Ya pili haijashikana na kitu chochote. Na mashine zote nane umezining'iniza kwa hiyo ya pili. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kufika hata kwa printa ya sekretari, haziwezi.

Nikakuonea huruma. Nikasema, maskini, mzee alikuwa mgonjwa, alisahau kumalizia. Karibu nilie. Nikachukua mashine moja moja, nikaihamisha kutoka swichi ya pili mpaka ya kwanza. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Zote zikatoka nje. Nikafungua mechi ya mpira ya intaneti kwa kila moja, nane kwa pamoja, nikapiga picha nikamtumia kila mtu mwenye simu hapa Nakuru. Nikaenda nyumbani nikitembea kama bwana harusi.

Jumanne saa nne asubuhi sekretari akaanza kuniita kwa simu. Kompyuta yake haifungui mtandao. Ya bursar wa karo pia. Ya maktaba pia. Foleni ya wazazi imesimama kwa jua, mtoto mmoja ameshalala juu ya godoro lake hapo kwa lami.

Wewe ungejua papo hapo. Kwa zile nane kuna ile ya tano, ambayo wanafunzi wako walikuwa wanajifunza nayo kugawa anwani, zile namba ambazo kila kompyuta hupewa ili itambulike kwa mtandao. Ilipotoka nje ilifanya tu kazi iliyofundishwa. Kila kompyuta ya shule ikiwashwa na kuuliza anwani, mashine ya tano inajibu mbio kabla ya ruta ya ofisi, yenye anwani za kweli, inaipa namba ya kuchezea, namba isiyofika popote. Watoto wako waliifundisha vizuri, lazima niseme. Ilikuwa na bidii kuliko wafanyakazi wengi ninaowajua.

Hapo ndipo nilikusikia. Siku ile tulitoka kuichukua hiyo kompyuta kubwa Naivasha, tukasimama Kikopey kula nyama choma. Wewe unaongea, mimi nina ubavu wa mbuzi mkononi. Ukasema, "Njuguna, mtoto akijifunza lazima avunje. Kazi yangu ni kumjengea chumba cha kuvunjia, asivunje vya wenyewe." Nami nikakujibu, "Mwalimu, kula, nyama inapoa."

Hicho ndicho chumba. Ile swichi isiyoenda popote. Hukuisahau. Uliifunga ukiwa na akili zako zote, na nje ya mlango ukaacha shule nzima ikiwa salama.

Nikazirudisha zote nane ndani, jasho linanitoka mpaka kwa kibodi. Kompyuta za ofisi zikazimwa, zikawashwa, zikapata anwani za kweli. Foleni ikasonga. Na Madam akaja, wazazi wako nyuma yake wanasikiliza, akauliza, "Lakini shida ilikuwa nini?"

Unaujua huu mdomo wangu. Ulifunguka kabla sijauambia kitu. "Madam, ni vile Mwalimu alikuwa amezipanga. Alikuwa mgonjwa. Tumsamehe tu."

Nilikusamehe, Mwalimu. Mbele ya watu.

Madam akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema basi hiyo kompyuta ifutwe yote, itumike kwa mambo ya ofisi, hawezi kuacha kitu kibovu ndani ya shule. Ifutwe Jumatatu. Ni kesho. Na wa kuifuta ni mimi, kwa sababu nina macho. Humo ndani kuna kazi ya darasa zima, na kuna miaka yako mitatu.

Nimesimama tena. Nimerudi.

Jana Mama Nekesa alikuja dukani. Nilimvutia kiti, akakataa kukaa. Akaniuliza, "Njuguna, wewe ndiye mlikuwa mnaelewana. Ni kweli Baba Nekesa mwishoni alikuwa anafanya kazi mbaya, na hakuna mtu aliniambia?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza ni lini ugonjwa ulianza na yeye alikuwa anaangalia wapi. Nami nikafanya nini? Nikafanya mzaha. Nikamwambia, "Mama, hata mashine nazo zinaomboleza." Hakucheka. Akasema, "Sawa," akachukua mwavuli wake akaenda. Nimechekesha watu kwa harusi, kwa kesi, hata kwa foleni ya hospitali. Sijawahi kusikia "sawa" nzito namna hiyo. Sijalala vizuri, na chakula hakina ladha.

Sasa sikiliza. Nimeacha kuandika kidogo, nimempigia simu. Nimemwomba afike kwa ofisi ya Madam kesho saa moja na nusu, kabla ya parade ya wanafunzi. Akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Mama, njoo tu, utasikia kutoka kwangu." Nimeyasema nikiwa nimesimama, ili nisipate nafasi ya kuongeza utani. Kwa hivyo siwezi kutoroka. Nikichelewa, atakuwa ameketi hapo na Madam, wote wawili wananingoja.

Nakuahidi hivi. Zile mashine nane hazitafutwa na mkono wangu. Nitawaonyesha hiyo swichi yako, nitawaeleza polepole kwa nini haiendi popote, na nitataja ni nani aliyezitoa nje. Wakinifukuza, nitarudi kwa redio zangu. Watoto wabaki na chumba chao.

Kaa kwa amani huko kwenu, rafiki yangu. Udongo wenu ni mwekundu na laini, niliushika kwa mkono, naamini haukuumizi. Mimi ni Njuguna wako.

Na hiyo bahati niliyojisifu nayo sikuwa nayo. Niliiona shida haraka kwa sababu ni mimi niliyeiweka.