Bibi Ananingoja Nirudi Kutoka India Nimkate Kidole

Mpendwa Mama Ritha,

Nakuomba unisaidie mawazo, kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulisema kwa mtu yeyote wa nyumbani na kila siku naona nazidi kujifunga. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, karani katika ofisi moja hapa Raskazone, nina shahada ya takwimu, na baada ya kuomba mara nyingi nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika chuo kimoja kusini mwa India, visa imetoka na mwezi ujao natakiwa kuondoka. Ningepaswa kufurahi, lakini siwezi.

Kosa lilianza siku nilipotoa habari. Niliwaambia watu wa kwetu Moa kwamba nakwenda India kusomea afya, na kwetu ukitaja India watu hawafikirii kingine ila hospitali, maana kila tuliyemjua aliyekwenda huko alipelekwa kutibiwa moyo au figo, basi kabla sijamaliza kueleza mama alishapiga kigelegele na mjomba Badru akasema, "Haya, tumepata daktari wetu, ila tukija kwako usitupange foleni na sie!" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani nitawaeleza baadaye. Ijumaa ikasomwa dua, shekhe akaniombea nirudi salama niwatibu waja wa Mungu, wanawake wakaitikia amina, na tangu hapo mama anaitwa Mama Dokta hadi sokoni, naye anaitika, nikaona nikifungua mdomo nitamvua nguo mbele za watu.

Aibu peke yake ningeivumilia. Kinachoniogopesha ni bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanasiti, ambaye ana kisukari cha muda mrefu, akachomwa na mwiba shambani, na sasa kidole kimoja cha mguu kimegeuka cheusi na kinatoa harufu. Mganga wa zahanati amemwambia aende hospitali ya mkoa haraka, huenda kidole kikakatwa ili mguu upone. Amekataa. Mimi huniita mke mwenzake kwa utani, na mbele yangu alimwambia yule mganga, "Mie hawanikati watu nisiowajua. Mke mwenzangu huyu anakwenda kusomea, akirudi atanikata yeye, kwa mkono wake na bismillahi yake." Kisha akanigeukia, "Au nanuka, hutaki kunishika?" Nikamjibu, "Nitakushika bibi, inshallah." Mjomba alipoambiwa amshawishi alisema tu, "Mwenye daktari wake mwacheni." Masomo yenyewe ni ya miaka miwili!

Mama Ritha, mimi sisomei kukata mtu. Nitasoma jinsi maradhi yanavyoenea, hesabu zake, mipango ya chanjo na ya maji safi, na nikimaliza sitaruhusiwa kumwandikia mtu hata dawa ya malaria, si huko wala hapa. Nikisema ukweli naogopa mama ataumbuka, mjomba ataniita mwongo, watauliza kwa nini niache kazi nivuke bahari kusomea kitu kisichotibu mtu, na safari itakufa, na nikinyamaza naogopa nitapigiwa simu nikiwa darasani nchi ya watu. Nimewaza nimwambie bibi kwamba mimi kama daktari wake mtarajiwa namwamuru aende. Nimewaza pia niahirishe safari. Nifanye nini?

Ni mimi N., Raskazone, Tanga

*

Binti yangu N.,

Pole. Nimekulia pwani hii na najua dua ikishasomwa inavyokuwa vigumu kuwaambia waliokuombea kwamba hawakuelewa. Hata hivyo nitakukemea. Mgonjwa alikuuliza swali la wazi, ukamjibu inshallah ili Mungu abebe uongo wako. Umesoma, unajua kidole cheusi cha mwenye kisukari maana yake nini. Hakingoji miaka miwili. Hakingoji hata hiyo ndege yako.

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Omba ruhusa kazini, kesho asubuhi uwe Moa. Usipige simu. Na usianze na mama, utapotea katika machozi yake. Anza na bibi, kwa kuwa mguu ni wake. Mwambie wazi: "Bibi, sikusema kweli. Sitakuwa daktari wa kukata." Mama na mjomba waambie baadaye, siku hiyo hiyo.

Huo ujanja wa kumwamuru kama daktari wake uache kabisa. Atafika wodini, amwambie muuguzi katumwa na daktari wake, waulizane daktari gani, na akigundua kadanganywa mara ya pili atashuka kitandani arudi Moa, na hapo hamtampata tena.

Kuhusu masomo, nilimuuliza Edgar, mtoto wa rafiki yangu, aliyesomea fani hiyo hiyo huko India na sasa kazi yake ni kufuatilia kipindupindu. Alicheka, akaniambia, "Mama, hata mie kwetu Pongwe waliniletea mtoto ana degedege, nikambeba mbio hadi zahanati!" Anasema ni mitihani kila muhula, utafiti, na miezi ya kutumwa vijijini kuuliza watu kwa nini hawafiki hospitali. Visa ya mwanafunzi haitakuruhusu kufanya kazi. Na kabla hujapanda ndege uwe umehakikisha kwamba chuo kinatambuliwa na tume ya vyuo vikuu ya huko na kwamba tume yetu itaitambua shahada yako ukirudi. Kama hujauliza, uliza wiki hii. Kazi zipo, halmashauri, wizarani, kwenye utafiti, ila wanaozigombea ni wengi. Mjomba akikuuliza faida yake, mjibu kwamba unasomea kuzuia watu wasifike kwenye kukatwa. Akinuna, mwache anune.

Safari usiifute. Bibi aonwe kwanza. Siku zikigongana, andikia chuo mapema uombe kuchelewa kuripoti. Kuomba si kosa.

Bibi atakukasirikia. Atasema umemdanganya, na ni kweli, kwa hiyo usijitetee, muombe radhi. Ila nimeyasoma maneno yake mara mbili, na ninachokiona humo ni mwanamke mzee anayeogopa kushikwa na wageni. Mwambie, "Sitakukata mie, lakini tutakwenda wote, na mkono wako sitauachia mpaka wanizuie mlangoni pa chumba cha upasuaji, na wakifungua utanikuta nimesimama hapo hapo."

Hilo halihitaji shahada, na huwezi kulifanya ukiwa India. Tafuta gari la asubuhi.

Mama Ritha