Salamanda wa Darasa la Neema

Jumamosi.

Hata sijui nimkasirikie nani. Jana binti yangu Neema alileta kutoka shuleni salamanda wa darasa lao, mnyama wa jamii ya vyura, mwenye mkia na mabaka ya njano, wa nyika za North Dakota. Eti tumtunze mpaka Jumatatu.

Leo nikiwa kazini, mama mkwe akamtupa uani. "Ana sumu huyo!"

Nikarudi nikamkuta Neema analia. Nikapekua majani makavu na sare yangu ya kazi, majirani wakinitazama. Nimempata chini ya ndoo, mzima.

"Asante sana, mama," Neema akaniambia. Kwa Kiswahili! Siku hizi hunijibu Kiingereza tu.

Mama mkwe amejifungia chumbani. Anasema hawezi kulala nyumba moja na nyoka mwenye miguu.