Masizi Yaliyoshuka na Maji

Jumatano, usiku

Naogopa. Tangu tuanze kunyunyizia maji ndani ya chimni ya kiwanda, moshi umekuwa mweupe, na leo Mama alinishukuru kana kwamba kazi yote ni yangu.

"Mwanangu, siku hizi mahindi yangu yanakauka bila masizi," alisema akinimiminia chai.

Lakini masizi hayajaisha. Yanashuka na maji hadi shimoni nyuma ya kiwanda, na mvua ya jana ilibomoa ukingo wake. Chini kidogo ndiko iliko chemchemi tunayochotea maji.

Nikamuuliza maji ya chai aliyachota wapi.

"Si palepale pa kila siku?"

Nikisema, serikali itatufungia kiwanda. Nisiponena…

Nilikunywa. Mama akajimiminia kikombe cha pili, nami nikamtazama tu.