Ufunguo wa Friji ya Ruiru

Kahawa Wendani,
Jumapili jioni.

Yaya wangu, Mama Nzioki,

Hujambo? Habari za Matuu, na goti lako linaendeleaje? Natumaini mvua imefika na Nzioki ameacha kukusumbua umuuze yule ng'ombe. Mimi ni mzima, kwa maana kwamba napumua na naweza kushika kalamu. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu wamebaki nayo kule ukweni, na namba yako imo humo. Niko kwa Nyawira, yule rafiki yangu wa chuo aliyekuwa akimaliza chapati zako zote. Kesho barua hii itabebwa na Kilonzo, anayeleta nyanya kutoka huko kwenu.

Kwanza nikwambie ukweli kuhusu kuondoka kwako. Mummy alikuambia umezeeka, upumzike, akakupa blanketi na blenda, nawe ukalia kwa shukrani. Yaya, ulifukuzwa. Wanawake wa upande wa mchumba huja kukagua nyumba, na wakimaliza sebule huingia jikoni kumpeleleza mpishi. Mummy aliogopa watakuuliza kama binti ana kasoro, nawe hujui kudanganya. Unajua sisi Wahindi: msichana mwenye ugonjwa wa sukari ni bidhaa ya kurudishwa dukani. Wewe ndiye uliyenidunga sindano tangu darasa la nne, kwa hiyo ulikuwa kasoro ya kwanza kuondolewa.

Ulipoondoka, dawa ilihamia kwenye mkoba wa Mummy. Mikono yangu ni mizima na najua kujidunga, lakini alisema vitu hivyo visionekane chumbani kwangu. Nikitaka insulini, naomba. Akiwa amekasirika, naomba tena.

Siku ya uchumba ukumbi wetu pale Thika ulijaa hadi veranda. Unakumbuka desturi yetu: mkwe hukutia kitu kitamu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, na kukataa ni kumtusi. Msichana anayechumbiwa hufunga mpaka sherehe ianze, basi Mummy akaamua kwamba asiyekula hahitaji sindano, na asubuhi hakunidunga. Mpango ulikuwa nikishalishwa twende chooni pamoja, nidungwe huko. Lakini Kokilaben, mama ya mchumba wangu Jignesh, alinikalisha karibu naye akanishika mkono, na hakuuachia. Akanilisha sukari guru, kisha peda, vile vitamutamu vya maziwa. Wakanilisha dada zake, mashangazi, hata binamu wa mbali. Nilimwangalia Mummy. Mkoba ulikuwa mapajani pake. Alitabasamu, akainua kidevu kuniashiria nile. Nikala. Hata jua halijazama, macho yalikuwa yameingia ukungu na pumzi inanipaa. Nilitapika kwenye sari ya hariri ya Kokilaben, na hilo bado linanifurahisha.

Nilizindukia hospitali, na daktari alikuwa ameshasema mbele ya familia zote mbili kwamba ugonjwa huu ninao tangu utotoni. Mummy alikuwa analilia jina letu. Ndipo Kokilaben akamwambia anyamaze, maana hata Jignesh wake anao, na ndiyo sababu walitafuta msichana Thika badala ya Ruiru wanakojulikana. Siku ile yeye alimlisha mwanawe makombo tu, mengine akayaficha kwenye leso. Yaya, walicheka! Waliagiza chai wakanywa kando ya kitanda changu, mimi nikiwa na dripu. Mummy akasema Mungu ni mkubwa, sasa hakuna wa kumdharau mwenzake. Kisha akafungua mkoba, akatoa dawa zangu, akamkabidhi Kokilaben. Alimwambia kwamba huyu sasa ni wake.

Kutoka hospitali nilipelekwa Ruiru moja kwa moja, eti watu wa Thika wasione nilivyokonda. Kokilaben ana friji ndogo yenye kufuli, na anatudunga mwenyewe, mimi na Jignesh, mwanamume mzima mwenye ndevu. Siku moja nilimwambia nataka kuendelea kufundisha nasari baada ya harusi. Ilipofika saa ya sindano alimdunga Jignesh, akafunga friji, akaenda kutazama TV. Nilikunywa maji mpaka tumbo likauma. Alinidunga kesho yake, nilipomwomba msamaha. Namchukia, Yaya, na Mummy namchukia zaidi.

Jignesh si mtu mbaya. Aliniambia kwa sauti ya chini, tukikata mboga, kwamba alipotaka kwenda Kampala kwa kazi alinyimwa sindano hivyo hivyo mpaka akapiga magoti. Alisema yeye ameshazoea, na mimi nitazoea. Halafu akaniambia ufunguo wa akiba umo kwenye debe la mchele. Ameujua miaka yote na hajawahi kuugusa. Aliniomba, siku nikizidiwa, nichukue dozi yangu moja tu na kuurudisha, kwa sababu atakayeadhibiwa ni yeye.

Leo wazazi wake walipoenda hekaluni, nilifungua ile friji. Sasa nakuambia jambo ambalo hata Nyawira hajui. Dawa zangu na za Jignesh ni za aina moja. Zangu zilikuwa rafu ya juu, zake ya chini, kwa hiyo siwezi kusema nilichanganya. Kitambulisho changu na kadi ya benki viko kwa Mummy. Nikaona zangu zitanifikisha mwezi mmoja, na nikiongeza zake, miwili. Nilizibeba zote. Duka la dawa liko jirani yao, anaweza kwenda mwenyewe akithubutu, lakini sijawahi kumwona akithubutu. Wazazi wake wakienda hekaluni hurudi jioni, na leo asubuhi walitoka kabla ya kumdunga. Nilipopita mlangoni pake aliniuliza kama ni mimi, na kama nimeshaweka chai. Nikamwambia naweka.

Naomba unipokee, Yaya. Nitafika Jumanne, Mungu akipenda. Nisalimie Nzioki na wajukuu wote, uwaambie nawapenda. Najua huna friji, na hapa nina barafu ya siku mbili tu. Tafuta mtungi wa kupozea dawa, utie mchanga wenye maji, uuweke kivulini. Ukiweza upate mkubwa.

Ni mimi, mtoto uliyemlea,
Hetal